Mtoto na Langi: maisha ya James Chapin, mchunguzi wa ndege wa Kongo

Mtu akitaja kazi ya kuchunguza wanyama wa porini, wengi wetu katika kitivo hiki tunawafikiria wenzetu wa sayansi, wenye darubini, chupa za dawa na mizani ya kupima damu. Tunaona kwamba mtu wa lugha hana la kusema hapo. Lakini mtu aliyeandika kitabu kikubwa kuliko vyote juu ya ndege wa nchi yetu aliishi kwa masikio kama alivyoishi kwa macho, na jambo lililompa sifa duniani linahusu majina kuliko bunduki. Mtu huyo ni James Paul Chapin, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1889 na kufa mwaka 1964. Wataalamu wa ndege wanamjua vizuri, lakini katika masomo yetu jina lake ni la nadra. Nimeona afadhali nisimulie maisha yake hapa, kwa jicho la mwanafunzi wa lugha.

Chapin alizaliwa New York, akakulia Staten Island, ng'ambo ya bandari. Siku zile kisiwa kile kilikuwa bado na vichaka na mabwawa ya kutosha kwa mtoto anayependa kufuata ndege. Hakungoja diploma ili aanze kazi. Akiwa kijana wa miaka kumi na sita hivi alipata kazi ndogo katika Makumbusho ya Marekani ya Historia ya Asili, jumba kubwa la New York ambamo wanyama wa dunia yote hukaushwa, huhesabiwa na kuwekwa kwenye masanduku. Huko alijifunza kwa mikono: kuchuna ngozi ya ndege bila kuipasua, kuijaza, kuandika mahali na siku alipopatikana. Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Columbia, lakini masomo hayakwenda mbali. Mwaka 1909, kabla hajatimiza miaka ishirini, makumbusho yalimwita aende Kongo.

Kiongozi wa safari hiyo alikuwa Herbert Lang, mzaliwa wa Ujerumani, mtaalamu wa wanyama wanyonyeshao na mpiga picha hodari. Lang alikuwa na miaka thelathini. Chapin alikuwa msaidizi wake, na waliotoka Marekani katika msafara walikuwa hao wawili tu. Walitumwa hasa kutafuta okapi na kifaru mweupe, lakini pia kukusanya kila aina ya kiumbe watakayemwona. Walipanda mto tangu Boma hadi Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, wakaingia msitu wa Ituri hadi Avakubi, kisha wakaelekea kaskazini, Medje, Niangara na Faradje, mpaka kwenye nyika za Garamba. Safari ilitarajiwa kuchukua miaka miwili hivi. Chapin alirudi kwao mwaka 1915. Kwa hiyo miaka ambayo wenzake waliimaliza kwenye viti vya chuo, yeye aliimaliza Kongo, kati ya miaka yake ya ishirini na ya ishirini na sita.

Tusisahau huo ulikuwa wakati gani. Ubelgiji ulikuwa umeichukua nchi kutoka mikononi mwa mfalme Léopold wa Pili mwaka 1908 tu. Vidonda vya mpira vilikuwa vibichi. Njia za magari hazikuwepo, na kila sanduku lilisafiri juu ya kichwa cha mtu. Msafara ulirudi na mizigo ya zaidi ya tani 50: ngozi na mifupa ya wanyama, ndege wapatao 6,000, wadudu na konokono zaidi ya 100,000, maelfu ya picha na maelfu ya vyombo vilivyochongwa na watu wa Uele. Wapagazi walioibeba mizigo hiyo walikuwa maelfu mengi. Wawindaji walionyesha njia za wanyama, na vijana wa vijijini walifundishwa kuchuna na kukausha. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Msomaji wa leo akiingia katika jumba lile la New York anaona kazi ya Lang na Chapin. Kazi ya wale wengine inabaki nyuma ya kioo, haina maandishi.

Wenyeji nao walimpa Chapin jina lao. Lang alikuwa Langi, na kijana aliyemfuata kila mahali aliitwa Mtoto na Langi. Kwa mzee wa kijijini hilo lilikuwa jina la kawaida: huyu mkubwa, na yule ni mtoto wake, hata kama kati yao palikuwa na miaka kumi tu. Kwetu sisi jina hili ni zawadi ndogo. Lang limepewa irabu mwishoni, kama inavyotakiwa na silabi zetu. Mtoto ni neno la Kiswahili. Lakini katika Kiswahili cha pwani, mtoto na Langi ni watu wawili wanaotembea pamoja. Mwana ni mtoto wa Langi. Hapa na inafanya kazi ya -a ya umilikaji, kama tunavyosikia katika Bangala ya Uele au katika Lingala mtu anaposema ndako na ngai kwa maana ya nyumba yangu. Tukitazama njia ya msafara, tunaelewa. Avakubi palikuwa mahali pa Kingwana, Kiswahili kilicholetwa na watu wa misafara ya Tippo Tip na kushikwa na wakaaji wa Ituri. Medje, Niangara na Faradje palisikika Bangala, lugha ya askari na ya posti za serikali. Kwa maoni yangu, jina la Chapin lilizaliwa pale lugha hizo mbili zilipokutana. Lina neno la mashariki na kiungo cha kaskazini, na mtu anayejua lahaja zetu anaweza kuchora ramani ya safari kwa maneno hayo matatu tu.

Hata kama hakuwa msomi wa lugha, Chapin alizipenda. Alijifunza kusema na watu kwa lugha za njiani, kwa sababu mchunguzi wa ndege asiyeweza kuuliza maswali msituni ni kama kipofu. Msitu wa Ituri ni giza, majani yamefunga juu, na ndege wengi husikika kabla ya kuonekana. Mwindaji akisikia mlio anajua ni nani, yuko juu au chini, atakula nini na atalala wapi. Elimu hiyo yote imefungwa ndani ya jina. Ukilipata jina, unapata mlango wa kuuliza yaliyobaki.

Tukio lililobadilisha maisha ya Chapin lilipita kimya. Mwaka 1913, akiwa Avakubi, alikuwa akitazama kofia za wenyeji zilizopambwa kwa manyoya ya ndege. Kila unyoya alioushika aliweza kusema ni wa ndege gani, isipokuwa mmoja. Ulikuwa unyoya wa bawa, wa rangi ya kahawia nyekundu, wenye mistari myeusi iliyoukata kwa upana. Ulitoka kwa ndege mkubwa wa jamii ya kuku, kanga na kwale, lakini haukufanana na ndege yeyote wa jamii hiyo aliyejulikana Afrika. Alikuwa amekwisha kuwashika maelfu ya ndege, na unyoya huu ulimshinda. Akauchukua, akaurudisha New York, akaulinganisha na ngozi za makumbusho, asipate jibu. Hakuandika makala ya kujisifu kwamba amepata ndege mpya, maana unyoya mmoja si ndege. Aliuweka. Aliuweka miaka 23.

Katika miaka hiyo ndiyo alimaliza masomo yaliyokatika. Columbia ilimpa diploma ya kwanza mwaka 1916, na ya pili mwaka uliofuata. Vita vikamchukua hadi Ufaransa, akiwa afisa katika jeshi la Marekani. Aliporudi alianza kuandika juu ya yale aliyoyakusanya Kongo. Mwaka 1926 alirudi Afrika, akapanda Ruwenzori na kutembea Kivu. Udaktari aliupata mwaka 1932, na mwaka huohuo kikatoka kitabu cha kwanza cha kazi yake kubwa juu ya ndege wa Kongo, kilichopata medali ya Elliot nchini kwake. Mwanafunzi anayehesabu miaka yake kwa hofu, akiona wenzake wanamaliza mapema, asome tarehe hizo polepole. Kazi ilitangulia, karatasi zikafuata.

Mwaka 1936 Chapin alikuwa Ubelgiji, katika makumbusho ya Kongo huko Tervuren, ambako mkurugenzi Henri Schouteden alimruhusu kuchunguza ndege waliohifadhiwa. Siku moja, juu ya kabati katika ujia, aliona ndege wawili waliokaushwa na kusimamishwa, wamejaa vumbi, wamewekwa pembeni kama vitu visivyo na kazi. Mmoja alikuwa dume mweusi wa kibuluu. Mwingine alikuwa jike wa rangi ya kahawia. Kwenye bawa la jike Chapin aliiona mistari ileile ya unyoya wa Avakubi.

Etiketi ya ndege hao ilisema kwamba ni tausi wa Uhindi, wachanga, walioletwa kutoka nje. Walikuwa wamefika Tervuren mwaka 1914, katika zawadi ya Compagnie du Kasai, kampuni ya biashara iliyokuwa ikikusanya mpira na pembe katika Kongo. Mtu mmoja aliwatazama, akajiambia kwamba Afrika haina tausi, basi hawa lazima wawe wa kufugwa. Akaandika jina la ndege mwingine, na tangu siku hiyo hakuna aliyewatazama tena. Kwa miaka 22 ndege hao walisimama katika nyumba ya wataalamu, machoni pa kila mtu, na jina la uongo likawaficha vizuri kuliko msitu.

Hapo ndipo hadithi hii inapokuwa yetu. Katika darasa la semantiki tunafundishwa kwamba jina huelekeza jicho. Tervuren jina lilielekeza jicho pembeni. Wakati huohuo, katika misitu ya Ituri na Maniema, wawindaji walimwita ndege huyo kwa majina ya lugha zao, waliujua mlio wake wa usiku, walimtega, walimla na kuvaa manyoya yake. Hata Mbelgiji mmoja wa migodi ya mashariki, Chapin alipomsimulia habari, alikumbuka kwamba amekwisha kumla ndege wa namna hiyo mezani. Kwa hiyo kusema kwamba Chapin alimgundua ni kusema nusu ya neno. Alichofanya ni kuunganisha vitu vitatu vilivyotengana: kofia ya Avakubi, kabati la Tervuren na maneno ya watu wa msituni. Hilo nalo si jambo dogo, kwa sababu kabla yake kila mmoja alishika kipande chake.

Mwezi wa Novemba 1936 alitangaza jina jipya katika jarida la Ubelgiji: Afropavo congensis. Pavo ni tausi kwa Kilatini, Afro inamtofautisha na ndugu zake wa Asia, na congensis inaeleza kwao ni wapi. Wataalamu wengi walishangaa. Ndugu wa karibu wa tausi wote waliojulikana walikuwa Asia, na hakuna aliyetarajia mmoja wao katikati ya Afrika. Mwaka uliofuata, 1937, Chapin alirudi Kongo kumtafuta akiwa hai. Safari hii hakwenda kwa kubahatisha. Aliingia katika msitu ulio mashariki ya Stanleyville pamoja na wawindaji, akawauliza, akawafuata, na akamwona ndege wake. Tangu unyoya wa kwanza mpaka siku hiyo ilikuwa miaka 24.

Neno letu la tausi nalo lina maajabu yake. Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, pamoja na ndege mwenyewe aliyevuka bahari kutoka Uhindi kuja kupamba nyumba za matajiri wa pwani. Washairi wa pwani walimsifu ndege wa mbali, na misafara ikalibeba neno hilo mpaka kwetu. Huku, tausi wa asili ya Afrika alikuwa akitembea chini ya miti, na watu waliomjua walimwita kwa majina mengine kabisa. Leo tunasema tausi wa Kongo, jina lililotafsiriwa kutoka kwa Wazungu, na tunaona kwamba tumekwisha. Yale majina ya kwanza yako wapi? Ni katika lugha ngapi za msitu mtoto wa leo anaweza bado kulitaja jina la ndege huyu?

Okapi ilikuwa na bahati tofauti. Mwingereza Harry Johnston alisikia habari zake kwa Wambuti kabla hajamwona, na wataalamu wa Ulaya walipomwandikisha mwaka 1901 walichukua neno la msituni, ambalo wengi huliunganisha na lugha ya Walese, wakalitia katika jina la kisayansi, Okapia. Kwa hiyo dunia nzima, Tokyo na Chicago, inamwita mnyama huyo kwa neno la Ituri. Tausi wetu hakupata heshima hiyo. Wanyama hao wawili wanaishi katika msitu mmoja: mmoja aliingia sayansi kwa mlango wa jina lake mwenyewe, na mwingine alisimama nje miaka mingi kwa sababu ya jina la mgeni.

Chapin hakukaa kupumzika juu ya sifa hiyo. Kitabu cha pili kilitoka mwaka 1939. Wakati wa vita vya pili vya dunia serikali ya nchi yake ilimtuma Léopoldville kuitumikia, maana Wamarekani walioijua Kongo kama yeye walikuwa wachache. Vitabu viwili vya mwisho vilitoka mwaka 1953 na 1954. Jumla ni kurasa zaidi ya 3,000, na kazi hiyo ilimchukua miaka zaidi ya arobaini tangu unyoya wa kwanza aliouandikia tarehe. Ukivifungua hukuti vipimo vya mdomo na bawa peke yake. Unakuta ndege anakaa msitu gani, anajenga wapi, anakula nini, na mara nyingi watu wa mahali wanamwitaje na wanasema nini juu yake. Katika miaka ya 1950, akiwa mzee, alirudi tena pamoja na mke wake Ruth, wakakaa Kivu katika kituo cha utafiti cha Lwiro, si mbali na Bukavu. Alikufa New York mwezi wa Aprili 1964.

Alikuwa mtu wa wakati wake. Alifika chini ya bendera ya koloni, alipita kwa ruhusa ya wakuu wake, na vitu alivyokusanya viko mbali na watu waliovitoa. Sheria ya majina ya kisayansi inaweka jina la mwandishi na mwaka nyuma ya jina la mnyama, kwa hiyo katika kila orodha ya dunia tausi wetu anafuatwa na Chapin, 1936. Mwenye kofia ya Avakubi hana mwaka wala jina. Tunaweza kulisema hilo bila kumnyima Chapin haki yake: wengine waliziona kofia zilezile wakapita, yeye alisimama, akatazama unyoya mmoja asioujua, na hakujidanganya kwamba anaujua.

Kwa kijana wa Kongo anayefikiria kazi hii ya wanyama, maisha hayo yana mafundisho ya wazi. Anza na kazi iliyo karibu, hata kama ni ya kufuta vumbi. Andika mahali na siku. Usitupe usichokielewa. Na kabla ya kuingia msituni, jifunze lugha ya anayekaa humo. Kwa sisi wa kitivo hiki somo ni zito zaidi. Tausi wa Kongo hapatikani porini katika nchi nyingine yoyote, na anatishiwa na mitego, uchimbaji wa madini na ukataji wa msitu. Lugha zinazomtaja ziko katika hatari hiyohiyo, katika misitu hiyohiyo, mara nyingi kwa sababu zilezile. Mtaalamu wa wanyama atakuja na kamera zake kumhesabu. Lakini nani atamwambia mwindaji mzee aeleze, kwa lugha yake, tofauti ya jina la dume na la jike, la mlio wa jioni na la mlio wa hofu, la unyoya wa bawa na la unyoya wa kofia? Kazi hiyo haihitaji bunduki wala tani 50 za masanduku. Inahitaji daftari, kinasa sauti, na mwanafunzi wa lugha aliye tayari kukaa chini na kusikiliza.